Skrini Tupu Iliyochelewa Kuliko Zote: Uchambuzi wa Kisa cha Faharasa za Hifadhidata

Malalamiko yalipotufikia yalikuwa na sura ya ajabu kidogo. Mfumo tuliokuwa tukiusimamia ulihifadhi maagizo ya wateja, na ulikuwa na skrini moja inayomwonyesha kila mteja maagizo yake 20 ya karibuni ambayo bado yanasubiri kushughulikiwa. Kwa wateja karibu wote skrini hiyo ilifunguka papo hapo. Kwa mteja mmoja mkubwa ilichukua zaidi ya nusu dakika, na mara nyingine muunganisho ulikatika kabla jibu halijarudi. Mtu angedhani mteja huyo amelimbikiza maagizo hadi mfumo ukaelemewa, kumbe alikuwa na maagizo yanayosubiri 7 tu, kwa kuwa ni mteja makini aliyekuwa akiyamaliza yote kabla ya jua kuchwa. Skrini iliyokuwa na machache kabisa ya kuonyesha ndiyo iliyochelewa kuliko zote.

Katika maelezo yanayofuata nimebadilisha majina ya majedwali na kuviringisha idadi ili msomaji aweze kuzifuata hesabu kwa kichwa. Injini ya hifadhidata, yaani programu inayoihifadhi data na kuitafuta, ilikuwa PostgreSQL, na pale ambapo injini nyingine hutenda tofauti nitasema.

Jedwali la maagizo lilikuwa na rekodi milioni 40. Kila rekodi ilichukua takriban baiti 200, na kwa kuwa PostgreSQL husoma na kuandika data kwa kurasa za kilobaiti 8, ukurasa mmoja ulibeba rekodi kama 40, hivyo jedwali zima lilikuwa na kurasa zipatazo milioni moja, yaani takriban gigabaiti 8. Mteja aliyelalamika alikuwa na rekodi milioni 2, sawa na asilimia 5 ya jedwali. Maagizo yanayosubiri, kwa wateja wote kwa pamoja, yalikuwa 800,000, sawa na asilimia 2. Ulizo lenyewe, yaani amri ya kuiomba injini maagizo 20 ya karibuni ya mteja huyo, mwenye namba 117, yanayosubiri, lilikuwa fupi, na lilionekana halina hatia:

SELECT * FROM maagizo
WHERE mteja_id = 117 AND hali = 'linasubiri'
ORDER BY tarehe DESC
LIMIT 20;

Jedwali halikuwa limenyimwa faharasa, yaani orodha za pembeni zilizopangwa ili kuonyesha rekodi fulani iko wapi jedwalini. Lilikuwa nazo 11. Kulikuwa na faharasa ya mteja_id, faharasa ya hali na faharasa ya tarehe, kila moja peke yake, pamoja na nyingine nane ambazo hakuna aliyekuwa akikumbuka vizuri zilitoka wapi. Ndiyo maana mhandisi wa kwanza aliyelitazama tatizo alilifunga akiandika kwamba safuwima zote zinazotajwa na ulizo tayari zina faharasa, na akashauri seva iongezewe kumbukumbu. Simlaumu, kwa maana wengi wetu tulifundishwa kuhesabu faharasa kama mtu anavyohesabu dawa kabatini, bila kuuliza kila moja inatibu nini.

Hata jaribio lake la kulirudia tatizo kwenye kompyuta yake halikumsaidia. Hifadhidata yake ya majaribio ilikuwa na rekodi elfu chache, na hapo injini iliamua kulisoma jedwali lote bila kugusa faharasa yoyote. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kabisa, kwa sababu jedwali la kurasa mia moja husomwa mfululizo kwa muda mfupi kuliko ule wa kuruka huku na huku kati ya faharasa na jedwali. Kusoma jedwali zima si kosa. Huwa kosa pale tu ambapo kilichohitajika ni sehemu ndogo na kulikuwa na njia ya kuifikia moja kwa moja. Kasi ya ulizo kwenye data ndogo haikuambii lolote kuhusu mpango utakaochaguliwa kwenye data kubwa.

Tulipoliendesha ulizo kwenye nakala kamili ya data kwa amri ya EXPLAIN pamoja na vigezo vyake ANALYZE na BUFFERS, picha ilibadilika. Amri hiyo haikuonyeshi tu mpango ambao injini imeuchagua, bali huliendesha ulizo kweli na kuweka makadirio kando ya hali halisi: injini ilitarajia rekodi ngapi, ilipata ngapi, ilitupa ngapi, na iligusa kurasa ngapi. Idadi ya kurasa ina manufaa kuliko muda, kwa sababu muda hudanganya. Ukiliendesha ulizo mara ya pili, kurasa nyingi huwa zimeshaingia kwenye kumbukumbu na jibu hurudi haraka, ukafikiri umelitibu tatizo kumbe umelipasha moto tu.

Mpango ulisema hivi: injini ilishika faharasa ya tarehe, ikaanza kwenye ncha ya karibuni na kutembea kinyumenyume, na kwa kila rekodi ikaenda kwenye jedwali kuangalia kama mteja ni yule na hali ni ile. Isiyolingana ilitupwa. Ilipofika mwisho wa faharasa ilikuwa imepata rekodi 7 na kutupa 39,999,993. Faharasa ilitumika, naam, kuanzia ukurasa wake wa mwisho hadi wa kwanza.

Kwa nini injini yenye akili ichague njia kama hiyo? Kipangaji, yaani sehemu ya injini inayochagua mpango, hakijui majibu kabla ya kuuliza. Kinachojua ni takwimu. Kilijua kwamba mteja huyu anamiliki asilimia 5 ya rekodi, kwa kuwa alikuwa kwenye orodha ya thamani zinazojitokeza mara nyingi. Kilijua pia kwamba asilimia 2 ya maagizo yanasubiri. Kisha kikazidisha: asilimia 5 ya asilimia 2 ya milioni 40 ni rekodi 40,000. Ikiwa rekodi 40,000 zimetawanyika sawasawa miongoni mwa milioni 40, basi moja katika kila 1,000 ni ya kwetu, na kuzipata 20 za mwanzo kunahitaji kupitia rekodi kama 20,000 tu. Kwa kuwa faharasa ya tarehe inazitoa zikiwa zimeshapangwa, hakuna haja ya kupanga upya, na ishirini zikitimia kazi imekwisha. Kwenye karatasi, hiyo ilikuwa njia rahisi kuliko zote.

Hesabu hiyo ina dhana moja iliyojificha, nayo ni kwamba safuwima mbili hazijuani, kwamba kumjua mteja hakukuambii lolote kuhusu hali ya agizo lake. Dhana hii si ya PostgreSQL peke yake. Ilikuwamo tayari katika makala ya mwaka 1979 ambayo watafiti wa IBM waliitumia kueleza jinsi System R, hifadhidata yao ya utafiti, inavyochagua njia ya kufikia data kwa kukadiria gharama, na vipangaji vingi vya leo bado vinaanzia hapo. Katika kisa chetu safuwima hizo zilijuana sana, kwa kuwa umakini wa mteja ndio uliofanya maagizo yake yasisubiri. Kwa hiyo, badala ya 40,000 zilikuwapo 7, na kwa kuwa 7 haifiki 20, injini haikupata kamwe ruhusa ya kusimama. Laiti mteja angekuwa mzembe, skrini yake ingefunguka kwa kasi.

Wateja wadogo, kwa upande wao, hawakuguswa na mtego huu. Kwa mteja mwenye rekodi mia chache kipangaji kilichagua faharasa ya mteja_id, kikazichukua rekodi zake zote, kikazichuja na kuzipanga kwenye kumbukumbu, na hapakuwa na la kusubiri. Ulizo lilikuwa lile lile, ila thamani tofauti ilileta mpango tofauti. Hili ndilo linalofanya matatizo ya aina hii yasionekane katika majaribio: anayejaribu huchagua mteja wa kawaida.

Baada ya kuuelewa ugonjwa, mapendekezo yalikuwa mengi. La kwanza lilikuwa kuongeza takwimu za pamoja za safuwima mbili, kitu ambacho PostgreSQL imekiruhusu tangu toleo la 10, na ambacho kuanzia toleo la 12 kinaweza kuhifadhi pia orodha ya jozi za thamani zinazojitokeza mara nyingi. Pendekezo lilikuwa zuri, lakini tulilipima kwa swali moja: kama kipangaji kingekuwa na makadirio sahihi kabisa, kingechagua njia gani miongoni mwa zilizokuwapo? Njia bora iliyobaki ilikuwa kusoma maingizo milioni 2 ya mteja kwenye faharasa ya mteja_id, kusoma maingizo 800,000 kwenye faharasa ya hali, kisha kuzipatanisha orodha hizo mbili kwa ramani ya biti, yaani alama za rekodi zipi zimo katika kila orodha. Tulilithibitisha hilo kwa hila ambayo wahandisi wengi wanaifahamu, ya kuifunika safuwima ya tarehe ndani ya hesabu isiyobadilisha kitu ili kipangaji kisiweze kuitumia faharasa yake. Nusu dakika ikashuka hadi sekunde chache, lakini maingizo milioni 2.8 yalikuwa bado yanasomwa ili kupata rekodi 7. Kipangaji kilikosea, ni kweli, ila hata kingepatia, hapakuwa na chaguo zuri la kuchagua.

Hapa ndipo inapobidi kukumbuka faharasa ni nini hasa. Mti-B, ambao Rudolf Bayer na Edward McCreight waliubuni wakiwa Boeing na kuuchapisha mwanzoni mwa miaka ya 1970, ni orodha iliyopangwa kwa mfuatano mmoja, ikawekewa ngazi za kurasa juu yake ili uweze kufika mahali popote kwa hatua tatu au nne. Nguvu yake yote inatokana na mfuatano huo. Swali linalojibika kwa kipande kimoja cha orodha, kilichoshikamana kuanzia mwanzo hadi mwisho, hujibiwa upesi hata kama jedwali ni kubwa namna gani; swali ambalo majibu yake yametapakaa kwenye orodha nzima halipati nafuu hata kama kila safuwima yake ina faharasa. Faharasa tatu za safuwima moja moja ni orodha tatu tofauti, na hakuna hata moja ambamo maagizo yanayosubiri ya mteja 117 yamekaa pamoja kwa mpangilio wa tarehe.

Mwenzetu mmoja aliandika haraka faharasa ya safuwima tatu akianza na tarehe, kwa hoja kwamba matokeo yanapangwa kwa tarehe. Mfuatano huo hukusanya kwanza maagizo ya siku moja, ya wateja wote, na ndani ya siku hiyo ndipo wateja hutengana. Rekodi 7 zilibaki zimetawanyika vile vile. Tofauti pekee ni kwamba sasa uchujaji ungefanyika ndani ya faharasa bila kwenda kwenye jedwali kila mara, jambo ambalo lina nafuu yake lakini bado ni safari ya maingizo milioni 40. Safuwima zinazolinganishwa kwa usawa ndizo zinazopaswa kutangulia, kisha ifuate ile inayopanga matokeo au inayotafutwa kuanzia thamani moja hadi nyingine, kwa sababu usawa hutufikisha kwenye kipande kimoja na kilichobaki ndani ya kipande hicho huwa kimeshapangwa.

Kisha ukazuka ubishi mrefu kuliko ulivyostahili: kati ya mteja_id na hali, ipi itangulie? Kuna kanuni inayosikika kila mahali kwamba safuwima yenye thamani nyingi tofauti ndiyo itangulie. Kwa ulizo letu kanuni hiyo haikuwa na uzito wowote, kwani zote mbili zinalinganishwa kwa usawa na kipande kinachofikiwa ni kile kile, maingizo 7 yaliyokaa pamoja, iwe mteja ametangulia au hali. Kinachoamua ni maulizo mengine. Faharasa ya safuwima kadhaa huweza pia kuhudumia maulizo yanayotaja safuwima zake za mwanzo tu, na sisi tulikuwa na maulizo mengi yanayomtaja mteja bila kutaja hali, huku yanayotaja hali bila mteja yakihesabika kwa vidole. Kwa hiyo, kama tungejenga faharasa kamili ya safuwima tatu, mteja_id angetangulia kwa sababu hiyo na si kwa sababu ya kanuni.

Mwishowe hatukuijenga faharasa kamili. Kati ya rekodi milioni 40, 39,200,000 zilikuwa zimekamilika au kufutwa, na skrini yetu haikuzihitaji kamwe. PostgreSQL inaruhusu faharasa ya sehemu, inayobeba tu rekodi zinazotimiza sharti lililotajwa. MySQL, injini nyingine ya hifadhidata, haina kitu hicho moja kwa moja, na huko tungebaki na safuwima tatu. Tuliandika:

CREATE INDEX CONCURRENTLY maagizo_yanayosubiri
ON maagizo (mteja_id, tarehe DESC)
WHERE hali = 'linasubiri';

Tofauti ya ukubwa ni rahisi kuikadiria. Ingizo moja lenye namba mbili za baiti 8, pamoja na kichwa chake na kielekezi chake, huchukua baiti kama 28. Maingizo 800,000 ni megabaiti 22 na ushei kabla ya kuhesabu nafasi tupu za kurasa. Maingizo milioni 40 yangezidi gigabaiti moja. Faharasa ndogo hivyo hukaa yote kwenye kumbukumbu bila taabu. Mti wake una ngazi tatu: shina, kurasa chache za kati, na majani elfu tatu hivi, yaani kurasa za chini zenye maingizo yenyewe. Ulizo letu sasa lingegusa kurasa 3 za faharasa na zisizozidi 7 za jedwali.

Faharasa ya sehemu ina mtego ambao tuliuona mapema kwa bahati. Programu yetu ilikuwa ikiipitisha hali kama kigezo, yaani ulizo hutayarishwa kwanza na thamani hujazwa baadaye. Mpango wa jumla unaotayarishwa bila kuijua thamani hauwezi kuthibitisha kwamba sharti la faharasa litatimizwa, na kwa hiyo hauwezi kuitumia. Tulibadilisha ulizo ili neno 'linasubiri' liandikwe humo waziwazi na mteja_id peke yake abaki kigezo. Badiliko lilikuwa la mstari mmoja, na bila hilo faharasa ingeweza kukaa kama pambo.

Ujenzi wenyewe haukwenda sawa mara ya kwanza. Amri ya kawaida ya kujenga faharasa hulifunga jedwali lisiandikwe chochote mpaka ikamilike, jambo lisilowezekana kwenye mfumo unaopokea maagizo kila sekunde. Ndiyo sababu ya neno CONCURRENTLY hapo juu: injini hulipitia jedwali mara mbili bila kuwazuia wanaoandika, kwa bei ya muda mrefu zaidi na sharti kwamba miamala ya zamani imalizike kwanza. Kulikuwa na ripoti moja ndefu iliyofunguliwa asubuhi, ujenzi ukaisubiri, mtu akakosa subira na kuukatisha. Kilichobaki ni faharasa batili, ambayo maulizo hayaitumii ingawa kila rekodi inayoandikwa huweza kuendelea kuilipia gharama. Tuliiondoa, tukasubiri ripoti iishe, tukajenga upya. Tangu siku hiyo, kuangalia kama kuna faharasa batili ni hatua ya lazima baada ya kila ujenzi.

Skrini ya mteja 117 ilianza kufunguka ndani ya milisekunde chache, nasi tukageukia zile faharasa 11, ambazo sasa zilikuwa 12. Kila rekodi mpya iliingizwa kwenye zote zinazoihusu. Zaidi ya hapo, PostgreSQL inapobadilisha rekodi bila kugusa safuwima yoyote inayohusika na faharasa, na ukurasa ukiwa na nafasi, inaweza kuepuka kabisa kuzigusa faharasa. Lakini hali ya agizo hubadilika mara kadhaa katika maisha yake, na faharasa ya hali iliifunga njia hiyo ya mkato. Tuliiondoa faharasa ya hali. Nakiri kwamba hatukuifungua njia ya mkato kwa kufanya hivyo, kwa sababu sharti la faharasa yetu mpya nalo linataja hali na injini huihesabu. Tulichopata ni mzigo mdogo zaidi: agizo likishakamilika halina tena ingizo katika faharasa mpya, ilhali katika ile ya zamani lingebeba ingizo milele.

Faharasa ya mteja_id tuliibadilisha kwa faharasa ya mteja_id na tarehe, inayohudumia skrini ya historia ya mteja. Kuna aliyeuliza kama hii isingetosha kwa yote mawili, na jibu lilikuwa hapana: maagizo yanayosubiri ya mteja 117 yangetafutwa miongoni mwa milioni 2 yake kwa kuchuja moja moja.

Kwa zilizobaki tulitazama kihesabio ambacho injini hukitunza cha mara ngapi kila faharasa imetumika. Nne zilisoma sifuri. Tulikaribia kuziondoa zote, kisha tukakumbuka kwamba ripoti za mwisho wa mwezi huendeshwa kwenye seva ya nakala, ambayo ina vihesabio vyake. Huko, moja kati ya nne ilikuwa ikitumika sana. Nyingine ilikuwa ya ghala_id, ufunguo wa kigeni unaoelekea kwenye jedwali la maghala. PostgreSQL, tofauti na injini ya InnoDB ya MySQL, haitengenezi yenyewe faharasa ya safuwima hiyo, na ghala linapofutwa injini lazima ihakikishe hakuna agizo linaloliashiria, ama kwa faharasa ama kwa kulisoma jedwali la gigabaiti 8. Hakuna ghala lililokuwa limefutwa tangu vihesabio vianze kuhesabu, lakini lingeweza kufutwa kesho. Hiyo tuliiacha, tukaandika sababu yake kwenye maelezo ya faharasa yenyewe, na mbili zilizosalia tukaziondoa.